Misuli na maumivu ya shingo na mgongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayeamka shingo haigeuki, anayeshuka daladala Kariakoo akiwa ameshika kiuno, au anayemeza dawa za maumivu wiki hadi wiki bila kujua anatibu nini. Maswali haya ndiyo yanayotufikia kila siku kwenye chumba cha fiziotherapia hapa Dar es Salaam. Kama una homa, ganzi au mkojo umeziba, usianze juu. Shuka moja kwa moja kwenye swali la dalili za hatari.

Kiuno kinaniuma mwezi sasa. Pingili zimesagika?

Inawezekana picha ikaonyesha hivyo, na bado ikawa si ndicho kinachokuuma. Shirika la Afya Duniani linasema takribani asilimia 90 ya watu wenye maumivu ya kiuno hawapatikani na ugonjwa au jeraha mahususi la kulaumiwa. Hawana mfupa uliovunjika, uvimbe wala maambukizi. Katika kundi hilo kubwa, misuli ni mshiriki wa karibu kila mara, ama kwa kuchoka, kukaza, kuchanika kidogo au kudhoofu.

Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za uti wa mgongo za watu ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilionekana zimechakaa kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa wenye miaka 80 zikafika asilimia 96. Watu hao walikuwa wazima, wanatembea, wanalala usingizi wao. Kwa hiyo ukiwa na miaka 45 ukapewa karatasi ya MRI imeandikwa diski zimechakaa, jua kwamba wenzako wengi wa umri huo wanazo na hawana habari. Linalonisikitisha ni mtu anayetoka na karatasi hiyo akaacha kuinama, akaacha kubeba hata mtoto wake, na misuli ikazidi kudhoofu kwa sababu ya hofu.

Misuli inahusika vipi hasa?

Uti wa mgongo una pingili 7 shingoni, 12 nyuma ya kifua na 5 kiunoni, kisha chini yake zile zilizoungana na kuwa mfupa wa sakramu, ulio nyuma katikati ya nyonga, na kifandugu. Peke yake hausimami. Wataalamu waliowahi kupima sehemu ya kiuno iliyovuliwa misuli yote waliona inapinda na kuanguka kwa mzigo wa kama kilo 9 tu, yaani chini ya nusu ya ndoo ya maji. Ni sawa na mlingoti wa jahazi, ambao bila kamba za pande zote haubebi tanga. Kamba hizo ndiyo misuli ya mgongo, ya tumbo, ya ubavuni, ya matako na ya nyonga.

Misuli huleta maumivu kwa njia kadhaa, na kwa mtu mmoja mara nyingi zinachanganyika. Inayojulikana zaidi ni kuchanika. Umenyanyua gunia ukiwa umejipinda, ukasikia kitu kimekata, na nyuzi chache za msuli zimeumia. Hiyo huuma vibaya siku za mwanzo, lakini misuli ina damu ya kutosha na hupona.

Njia ya pili haina kishindo. Msuli uliokaza mfululizo, hata kwa nguvu kidogo tu, hubana mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake. Hewa safi haifiki vizuri, taka za kazi ya msuli haziondoki, na neva zinaanza kulalamika. Ndiyo maana mtu ambaye hajanyanyua chochote siku nzima anaweza kuumwa kuliko aliyekuwa akitembea na mzigo.

Kisha kuna kukaza kwa kujilinda. Kiungo au diski ikisumbuka, ubongo huamuru misuli ya jirani ikaze ili sehemu hiyo isitikisike. Kwa siku moja mbili ni msaada. Ikidumu wiki kadhaa, mkazo wenyewe unageuka kuwa chanzo kipya cha maumivu.

Ya mwisho ndiyo watu wengi hawaijui. Kando ya pingili za kiuno kuna misuli midogo ya ndani inayounga pingili moja na nyingine, na kazi yake ni kuituliza kila pingili mahali pake. Utafiti uliofanyika Australia miaka ya 1990 ulionyesha kwamba maumivu ya kiuno yakianza, misuli hiyo husinyaa haraka upande unaouma, na maumivu yakiisha haijijazi yenyewe bila mazoezi. Mtu anajiona amepona, lakini kamba imelegea. Baada ya miezi michache anainama kuokota kijiko tu, mgongo unakamata tena.

Mimi nafanya kazi ya ofisini. Kwa nini shingo na mabega yaume?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 4 hadi 5. Kikikaa sawasawa juu ya mabega, misuli ya nyuma ya shingo haina kazi kubwa. Ukikipeleka mbele kuitazama simu, misuli hiyo inakishikilia kisianguke, na kadiri unavyoinama ndivyo mzigo unavyoongezeka. Sasa hesabu siku yako: simu kuanzia Mbagala hadi Posta kwenye foleni, kompyuta mpakato iliyokaa chini ya usawa wa macho, kisha simu tena jioni kitandani. Msuli mpana unaotoka kisogoni kushuka hadi begani haujapata nafasi ya kulegea tangu alfajiri.

Na wale wanaosimama kwenye kipanya, ile daladala ndogo ya Hiace, wana adha yao. Paa lake halimruhusu mtu mzima kunyooka, kwa hiyo anasimama kichwa kimelala upande, bega moja juu, mkono umeshika bomba. Dereva akifunga breki ghafla, shingo iliyokwisha kuchoka inalazimika kukaza kwa nguvu zote. Ukiweza kukaa, kaa. Kama huwezi, badilisha mkono na upande kila kituo.

Ofisini, inua kioo cha kompyuta kifike usawa wa macho, hata kwa kuweka rimu za karatasi chini yake, na tumia kibodi ya pembeni ukiweza kuipata. Viwiko viwe na pa kuegemea. Zaidi ya yote, simama kila baada ya nusu saa. Sijawahi kuamini kwamba upo mkao mmoja sahihi wa kukaa nao saa nane, hata ule wa kunyooka kama askari wa gwaride la Uhuru. Mkao wowote ukidumu sana, misuli inachoka.

Shikamoo daktari. Mimi nafua nguo za watu na kiuno kimekuwa kero. Niache kazi?

Marahaba. Huna haja ya kuacha kazi, ila tuitazame kwa karibu. Beseni liko chini sakafuni, miguu imenyooka, kiuno kimekunjwa, na unakaa hivyo saa nzima. Ukiinama hadi mwisho namna hiyo, misuli ya mgongo hunyamaza na mzigo wote unahamia kwenye kano na diski. Kano zinavutika polepole. Unapomaliza, unanyooka na kunyakua ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 na zaidi, wakati huohuo ambao misuli bado haijarudi kazini sawasawa. Kiuno kinakamata pale kwenye ndoo, nawe unailaumu ndoo, kumbe kilichokiandaa ni ile saa nzima ya kuinama.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Pandisha beseni juu ya stuli, meza ya chini au kreti mbili za soda ili lifike usawa wa nyonga. Na kabla ya kunyanyua chochote kizito, simama, tembea dakika mbili tatu, jinyooshe kwa nyuma taratibu mara chache. Maji yabebe nusu ndoo mara mbili badala ya ndoo nzima mara moja. Hayo hayo namwambia anayefagia uwanja kwa fagio la chelewa lisilo na mpini, anayekuna nazi kwenye mbuzi kwa muda mrefu, na mama lishe anayepika kwenye jiko lililo chini. Mpini mrefu wa fagio ni tiba ya mgongo kuliko watu wanavyodhani.

Na wabeba mizigo wa sokoni je?

Mfuko wa sementi ni kilo 50, na gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, hupita kilo 100 bila shida. Hakuna ufundi wa kunyanyua utakaoufanya mzigo kama huo uwe salama kwa mtu mmoja kila siku. Lumbesa imekatazwa kisheria kwa sababu ya vipimo, na mimi ningeikataza kwa sababu ya migongo. Mkokoteni, au watu wawili, ndiyo jibu. Unapolazimika kubeba, mzigo ukae karibu kabisa na mwili, kunja magoti, na usigeuke kiuno ukiwa umeubeba. Geuza miguu.

Nitajuaje kama si figo au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo)?

Swali hili tunaulizwa sana, na wengi wanakuja wameshamaliza dozi mbili za antibiotiki. Maumivu ya misuli hubadilika na mwendo. Ukiinama yanaongezeka, ukilala upande fulani yanapungua, na ukibonyeza sehemu unaipata inapouma. Maumivu ya figo hukaa juu kidogo, chini ya mbavu upande mmoja, na hayajali sana umelalaje. Mara nyingi huja na homa, kutetemeka, kichefuchefu, mkojo unaowaka au wenye damu. Jiwe la figo huuma kwa mawimbi makali yanayoshuka kuelekea kinenani na mtu hawezi kutulia. Pima mkojo kabla ya kunywa antibiotiki. Mkojo ukiwa safi na huna homa, rudi kwenye misuli.

Naambiwa ute umeisha mgongoni, nile bamia. Ni kweli?

Ute wa kwenye viungo hutengenezwa na utando ulio ndani ya kiungo chenyewe, kutokana na damu. Ute wa bamia unasagwa tumboni kama chakula kingine na hauna njia ya kufika kwenye pingili. Bamia ni mboga nzuri, uile. Lakini usinunue unga au maji ya ute yanayouzwa kwa bei ya kutisha mitandaoni ukiacha mazoezi ambayo ni bure.

Nimeamka shingo imekaza, haigeuki upande mmoja. Nifanye nini?

Hii hutokea hasa ukilala na mto mrefu au usingizi ukakukuta kwenye kiti cha basi. Msuli unaoinua bega na ile midogo ya pembeni ya shingo imekaza kujilinda. Kwa kawaida hulegea ndani ya siku chache hadi wiki. Kanda kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza, dakika 15 hivi, kisha geuza kichwa taratibu hadi pale panapoanza kuvuta, usilazimishe kupita hapo. Rudia mara nyingi kwa siku. Usivae kola ya shingo kwa hili.

Kinyozi wangu hunigeuza shingo ikalia "kaa". Najisikia mwepesi. Kuna ubaya?

Upo, na naomba uache. Kupitia matundu ya pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu inayokwenda nyuma ya ubongo. Shingo ikizungushwa ghafla, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, na matokeo yake ni kiharusi, hata kwa kijana. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea inaweza kuacha ulemavu wa kudumu. Ule wepesi unatokana na misuli kulegea kwa muda mfupi, na unaweza kuupata kwa kukandwa mabega bila mtu kukukunja shingo. Baada ya kunyolewa, mwambie kistaarabu: "Kaka, shingo usiiguse, nikande mabega tu."

Vipi sindano na vidonge vya diklopa?

Vinapunguza maumivu, na kwa siku chache za mwanzo vina nafasi yake ili uweze kutembea na kufanya mazoezi. Tatizo ni pale vinapokuwa tiba yenyewe. Sindano haiujazi msuli uliosinyaa. Dawa za jamii hii, pamoja na ibuprofeni, zikitumika mfululizo huleta vidonda vya tumbo, hupandisha presha na kuumiza figo. Mwenye vidonda, presha, ugonjwa wa figo au moyo, na mjamzito, asizinywe bila kumwona daktari. Sitafuni maneno hapa: mtu anayepita duka la dawa kila Jumatatu kuchomwa sindano ya kiuno anajiharibu figo huku akitibu mgongo.

Nilale kitandani nipumzike?

Siku moja au mbili ya kupunguza kazi, sawa. Zaidi ya hapo misuli inaanza kudhoofu. Watu wanaoendelea na shughuli zao nyepesi hupona vizuri kuliko wanaolala. Kuuma kidogo unapotembea hakumaanishi unajiumiza.

Kuchua, mkanda wa kiuno, godoro gumu?

Kuchua kwa mafuta ya karafuu au dawa ya kuchua kunalegeza na kunatuliza, na anayechua akiwa na mikono mizuri ni msaada wa kweli. Asipande tu mgongoni kwa miguu. Mkanda unaouzwa kwa ajili ya kiuno sikushauri kwa maumivu ya muda mrefu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 haupendekezi mikanda hiyo, ila unapendekeza elimu, mazoezi na tiba za mikono kama kukandwa. Godoro: utafiti wa Uhispania uliochapishwa 2003 ulilinganisha gumu na la ugumu wa kati, na waliolalia la kati ndio waliopata nafuu zaidi. Kulala sakafuni juu ya mkeka si dawa.

Mazoezi gani basi?

Anza na kutembea. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2024 uliwafuata watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea na maelekezo, wakiongeza polepole hadi dakika 30 mara 5 kwa wiki, walikaa siku 208 kabla ya maumivu kurudi, kwa kipimo cha kati. Wasiopewa walikaa siku 112. Hakuna kidonge ninachokijua chenye faida hiyo kwa bei hiyo. Hapa mjini jua ni kali, kwa hiyo tembea alfajiri au jioni. Asiye na muda ashuke kituo kimoja au viwili kabla ya chake, sehemu yenye njia ya waenda kwa miguu.

Kwa misuli ya kiuno, lala chali, kunja magoti, kaza tumbo kidogo, kisha inua nyonga hadi mapaja na kifua viwe mstari mmoja. Hesabu hadi tano, shuka. Fanya mara 10. Baada ya hapo piga magoti na mikono chini, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo ubaki umetulia bila kuyumba, kisha badilisha. Kuyumba ndiko kunakokuonyesha ile misuli midogo imelala. Punguza kimo cha mguu hadi utulie, ndipo upandishe.

Kwa shingo, kaa wima, vuta kidevu nyuma kana kwamba unakwepa kitu usoni, bila kuangalia chini wala juu. Shika hesabu tano, mara 10. Kisha vuta mabega nyuma na chini mpaka mifupa yake ya nyuma ikaribiane. Haya yanafanyika hata kwenye foleni ya Tazara.

Siku moja hadi tatu baada ya kuanza, misuli itauma. Hiyo ni kazi mpya, siyo jeraha, na inapita. Maumivu makali yanayochoma kushuka mguuni au mkononi ni jambo jingine. Acha zoezi hilo utazamwe. Misuli huchukua wiki 6 hadi 12 kujijenga, hivyo usikate tamaa wiki ya pili.

Mawazo yanaweza kukaza misuli kweli?

Ndiyo. Ukipimwa umeme wa misuli ya mabega huku ukiwa na msongo, unaonekana kupanda hata mikono ikiwa imetulia mapajani. Kodi ya nyumba, mikopo, kukosa usingizi, vyote vinafika begani. Hii haina maana maumivu ni ya kujitungia.

Dalili gani zisisubiri?

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukipata ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mkojo ukiziba au haja ikitoka bila kujijua, au miguu ikilegea. Hapo neva za chini ya uti wa mgongo zimebanwa, na saa zina thamani. Vivyo hivyo baada ya ajali ya bodaboda au kuanguka kutoka juu. Usimruhusu mtu akunyooshe barabarani.

Shingo ngumu yenye homa, kichwa kikali na macho kuchukia mwanga inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Maumivu ya shingo, taya au mkono wa kushoto yenye kifua kubana na jasho yatazamwe kama ya moyo.

Maumivu ya mgongo yanayodumu wiki nyingi, hayapungui usiku, yakiambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, yapimwe kifua kikuu. Kifua kikuu cha mifupa hukimbilia pingili, na kikichelewa huacha kibiongo au kupooza, ilhali dawa zake zinatolewa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Aliyewahi kuwa na saratani, mwenye selimundu, anayeishi na VVU, na mzee aliyeumia mgongo baada ya kuanguka kidogo tu, nao wasisubiri.

Nianzie wapi hapa Dar?

Kama huna dalili za hatari, anza na kutembea na mazoezi ya hapo juu. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki sita. Ikizidi hapo, au ikirudi mara kwa mara, nenda kituo cha afya cha karibu uombe barua ya rufaa kwenda fiziotherapia. Hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala ndiko wengi wanakoanzia. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, hupokea wanaohitaji uchunguzi zaidi au upasuaji. Nenda umevaa nguo unayoweza kuinama nayo, chukua picha na dawa zote ulizotumia, na umweleze mtaalamu siku yako ilivyo tangu kuamka: unakaa wapi, unainama wapi, unabeba nini na kwa muda gani.